Ng'ombe Wako Sebuleni

Mama alipomwambia daktari kwamba ng'ombe wake wako sebuleni, alikuwa akisema kweli tupu. Tatizo ni kwamba katika chumba kile cha kliniki, huko Pearland, Texas, mtu pekee aliyejua kuwa ni kweli nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimekatazwa kufungua mdomo.

Utaratibu wao ni huo. Mzee anapopimwa kumbukumbu, jamaa zake hawaruhusiwi kumtafsiria, kwa kuwa jamaa wana tabia ya kusaidia. Binti humsikia mama yake akisema leo ni Jumanne, naye kwa upendo hutafsiri Alhamisi. Kwa hiyo kliniki hutumia mkalimani wa simu. Siku ile tulipata mwanamume mwenye sauti ya upole, Mkongomani wa mashariki kwa jinsi alivyotamka, naye alikuwa hodari kupita kiasi: hakuongeza neno wala hakuruka neno. Nilitamani sana aruke machache.

Tulikuwa pale kwa sababu ya mapatano. Mama alikuwa amekuja kututembelea baada ya mavuno, na alitaka kurudi nyumbani Kenya kabla ya mvua za masika ili apande mahindi yake. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Fort Worth, hakutaka arudi. Alidai kwamba katika simu mama ameanza kuchanganya mambo. Kwamba amemsikia akisema vitu visivyoeleweka. Kwamba mtu wa umri ule hawezi kuishi peke yake kwenye shamba lenye baridi. Mama alidai kwamba asiyeelewa simu ni kaka. Mimi, niliyekuwa katikati, nikapendekeza daktari aamue, na wote wawili wakakubali: akisema akili ya mama imeanza kuyumba, mama atabaki nasi Texas, akisema iko sawa, kaka mwenyewe atampeleka uwanja wa ndege. Mama alikubali kama anayekubali mbio dhidi ya mtu aliyefungwa gogo mguuni.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Alitaja siku, mwezi na msimu, akalalamika kwamba Houston haina msimu wa kutajwa. Alichora saa. Alipewa maneno ya kushika akayashika. Kisha daktari, mtu mrefu, mkarimu, aliyekuwa akiandika kwa mkono wa kushoto, akaweka karatasi pembeni na kuuliza kwa wepesi tu kuhusu maisha yake ya nyumbani.

"Mama, docteur anauliza asema, kule kwenu unalalaka fasi gani?"

"Nalala deri," mama akajibu.

Simu ikauliza: "Deri si kule banawekaka maziwa?"

"Ndiko. Lakini siku hizi maziwa hayako. Niko mimi."

Likatafsiriwa. Daktari akauliza asubuhi yake huwaje. Mama akajiweka sawa kitini, kwa kuwa hilo ni jambo analopenda kueleza, akasema kwamba akiamka hutoka deri, hupitia ofisini kuokota mayai, kisha huwapelekea ng'ombe majani sebuleni, ambako hulia pale kwenye mahali pa moto. Lilikuwa neno la kawaida kabisa, kulia, yaani kula mahali fulani. Mkalimani aliuliza kwa adabu kama ng'ombe hao hulia kwa uchungu. Mama akasema hapana, kwa furaha.

"Na bwana yako, mama? Iko wapi?"

"Mzee amelala," mama akasema, na sauti yake ikashuka nusu ngazi. "Amelala pale mbele ya stebo."

Na hivyo, kwa Kiingereza safi kabisa, daktari akaambiwa kwamba mume wa mgonjwa amelala usingizi mbele ya zizi la farasi. Kalamu ya mkono wa kushoto ikakimbia.

Ningeweza kucheka, na sehemu fulani ya tumbo langu ilikuwa imeshaanza. Lakini neno la mwisho lilinigandisha. Mengine yote niliyajua. La ng'ombe nililijua, na la ofisi nililijua tangu utoto. Ila nilikuwepo siku tulipomzika baba. Nilisimama ukingoni mwa kaburi nikiwa nimevaa viatu visivyofaa, na ninakumbuka nilikuwa nikitazama ukuta mtupu wa mawe usio na mlango wala dirisha. Baba hakulala mbele ya stebo. Alilala nyuma yake.

Hapana budi niueleze ua ule wa nyumbani, maana bila huo hakuna mtu atakayemwelewa mama yangu, na daktari hakuwa na kosa lolote.

Shamba letu liko kwenye nyanda za juu, mahali ambapo asubuhi mtu huona pumzi yake mwenyewe. Lilianzishwa na Mwingereza ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumwona, lakini tulimjua kwa jinsi alivyopanga majengo. Alikuwa amejenga kama kwao: ua wa mraba, majengo yakitazamana kama watu waliokaa mezani. Upande wa juu ilikuwa nyumba kubwa ya mawe yenye sebule pana na mahali pa moto ambapo mtoto aliweza kusimama wima. Kushoto, stebo ya farasi. Kulia, deri, ambayo nusu yake ilikuwa imezama ardhini ili maziwa yakae na baridi. Upande wa chini, karibu na lango, ofisi: chumba kidogo chenye dirisha la nondo ambapo wafanyakazi walipokelea mishahara. Kila jengo lilikuwa na kazi moja na jina moja, na bila shaka Mwingereza huyo alilala usingizi mzuri akijua kila kitu kiko mahali pake.

Kisha akaondoka, na uani zikaingia familia tatu zilizonunua pamoja, za makabila matatu. Ndiyo sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya ua ule, na ndiyo sababu mimi na kaka yangu hadi leo tunagombana kwa Kiswahili. Familia hizo hazikuwa na farasi, wala wafanyakazi wa kulipwa dirishani, na maziwa yaliyopatikana yalimalizwa na chai kabla hayajahitaji kupozwa. Majengo yakabadili kazi. Deri, kwa kuwa paa lake lilikuwa halivuji, ikawa chumba cha kulala cha watoto. Ofisi, kwa sababu ya zile nondo, ilifaa kuliko mahali popote kuwazuia vicheche na wezi wa kuku, ikawa banda la kuku. Stebo akaingia baba yangu mdogo na mke wake, na baadaye magunia ya viazi. Lakini hakuna aliyebadilisha majina. Nadhani hatukuona kwamba majina yalikuwa na uhusiano wowote na kazi. Ofisi ilikuwa ofisi kama vile kaka yangu alivyokuwa kaka yangu.

Nilipoanza shule, mwalimu alitaka kujua wazazi wetu wanafanya kazi gani. Nilisimama nikasema baba yangu huenda ofisini kila asubuhi na kila jioni. Mwalimu akaniuliza kama kuna watu wengi huko. Nikasema wengi, karibu wote ni wa kike, na yule wa kiume anapiga kelele sana. Muhula ule mzima niliketi dawati la mbele, na mwalimu alinituma nimsalimie baba.

Ua haukuacha kugeuka. Sebule ya nyumba kubwa iligawanywa kwa blanketi lililotundikwa kwenye waya, sisi upande huu na jirani upande ule. Blanketi lilileta ugomvi, kwa kuwa redio yetu ilisikika kwao na maombi yao yalisikika kwetu, kwa hiyo ukajengwa ukuta wa matofali uliopita katikati kabisa ya mahali pa moto. Tukapata nusu na wao nusu; tulipowasha sisi, walikohoa wao. Miaka ikapita, majirani wakajenga nyumba zao wenyewe mbele kidogo, na kila mmoja, kwa haki yake, akaja akabomoa sehemu yake akachukua mawe yake. Nyumba kubwa ikabaki vyumba viwili vizima na sebule isiyo na paa. Baba akaitazama muda mrefu sebule ile, akaweka mabati juu, akaingiza ng'ombe. Walifurahia sana. Pale palipokuwa pakiwaka moto, akajenga hori la majani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mara ya mwisho nilipofika, siku za mazishi.

Nilijaribu kumweleza daktari hayo yote baada ya kipimo, nikiwa nimesimama mlangoni na mkoba begani. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema kwamba familia mara nyingi huwa na maelezo, na kwamba anaelewa. Lakini angependa tumrudishe baada ya wiki chache, na kwa wakati huu asingeshauri mama aishi peke yake.

Tulikuwa garini, tumekaribia nyumbani kwetu Missouri City. Mama akasema:

"Yule wa simu anatafsiri vizuri. Nilisema hivyo hivyo."

"Ndiyo, mama. Ndiyo shida yenyewe."

Nikamweleza. Aliponielewa alikasirika kwa namna yake, yaani alitazama nje ya dirisha na kuanza kuhesabia kasoro mtaa wetu. Akaniuliza kama nimewahi kuona hata jirani mmoja anayelaza gari ndani ya gereji. Nikafikiri. Gereji ya jirani wa kulia ilikuwa na baiskeli za mazoezi na mti wa Krismasi wa plastiki. Ya kushoto ilikuwa imejaa masanduku tangu walipohamia. Yetu ilikuwa na friji ya pili, magunia ya unga, na kitanda cha wageni kilichosimamishwa ukutani. Magari yote ya mtaa mzima yalikuwa nje yakinyeshewa.

"Na mnaita gereji," mama akasema. "Hakuna aliyewapeleka kwa daktari."

Mimi ni mkutubi katika chuo. Kazi yangu ni kuhakikisha kila kitu kinapatikana mahali ambapo jina lake linasema kitapatikana. Usiku huo huo ningeweza kuandika utetezi mzuri wa mama yangu. Lakini kaburi lilinizuia. Ofisi ya kuku, deri ya kulala, sebule ya ng'ombe, yote niliweza kuapa kwayo. Kuhusu mahali alipolala baba, ama kumbukumbu yangu ilikuwa imeyumba, ama ya mama. Na kama ni ya mama, basi kaka yangu alikuwa sahihi, na mtu aliyesahau upande wa kaburi la mume wake hawezi kurudishwa peke yake kwenye baridi ile. Nilimpigia kaka nikamwambia matokeo. Sikumwambia la kaburi. Akasema kwa sauti ambayo haikuwa na ushindi wowote kwamba atakuja Jumamosi.

Alikuja, ameendesha tangu alfajiri, na kabla hajavua koti nikamwambia tutachora ramani ya ua, tumpelekee daktari aone kwa macho. Akasema sawa, ingawa haoni itasaidia nini, na kwamba yeye ndiye atakayechora, kwa sababu yeye ni mhandisi na mimi nachora kama kuku wa ofisini.

Mama alikuwa kwenye sinki akiosha sukuma wiki. Alitupa mgongo.

Kaka akachora mraba. Upande wa juu akachora nyumba kubwa, nzima, nzuri, na sebule moja pana. Nikamwambia amesahau ukuta.

"Ukuta gani?"

"Wa katikati ya sebule."

"Lilikuwa blanketi."

"Ulikuwa ukuta, nilirushia mpira."

"Ulirushia mpira blanketi," akasema kaka, "ndiyo maana hukuwahi kushinda."

Nikachukua kalamu ya risasi nikachora ukuta wangu. Akaufuta. Tukaendelea hivyo hadi karatasi ikatoboka, na hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo ningepaswa kulitambua zamani. Kaka yangu aliondoka kwenda shule ya bweni, kisha ng'ambo, wakati wa blanketi. Mimi nilikulia wakati wa ukuta. Hatukuwa tumetoka nyumba moja.

Mama akakausha mikono. Akaja mezani, akasukuma karatasi yetu pembeni pamoja na viwiko vyetu, akafuta meza kwa kitambaa.

"Leteni mkate."

Akauweka mkate mzima wa slaisi upande wa juu wa meza. Hiyo ikawa nyumba kubwa. Kopo la siagi upande wa kulia likawa deri, jambo lililompendeza. Kasha la mayai chini, karibu na ukingo, likawa ofisi. Upande wa kushoto akaweka pakiti ya majani ya chai, kifuniko chake cha karatasi kikitazama katikati ya meza. Hiyo ikawa stebo, na kifuniko ndicho mlango. Mwiko akaulaza ng'ambo ya ofisi uwe barabara ya zamani.

"Hivi ndivyo tulivyopewa," akasema. Kisha akachukua kisu akaingiza bapa lake katikati ya mkate bila kukata, akalitoa. "Hili ni blanketi. Lako." Akamtazama kaka. Akaingiza tena kisu, safari hii hadi mezani. "Huu ni ukuta. Wako."

Kisha akaanza kubomoa. Aliondoa slaisi moja moja, akisema ni nani alichukua mawe hayo na alijengea nini: hizi zilikwenda kujenga choo cha jirani wa kwanza, hizi zikawa msingi wa duka, hii waliiangusha njiani na bado iko pale mtaroni. Alizipanga pembeni, na kaka yangu, aliyekuwa na njaa ya safari, akaanza kuzila. Alichota siagi deri, akapaka kuta za jirani, akazila zote kwa utulivu huku akisikiliza. Alipofika kwenye choo mama akamwonya asimalize, kwa kuwa bado kinatumika.

Mwishoni mama akachukua kikombe kidogo cheupe. Alikishika kwanza, kisha akakiweka kushoto kabisa, ng'ambo ya pakiti ya chai.

"Mzee huyu hapa."

Nilikiangalia vizuri. Kikombe kilikuwa pale pale nilipokuwa nimesimama na viatu vyangu visivyofaa.

"Mama," nikasema, "hapo ni nyuma ya stebo. Kwa daktari ulisema mbele."

Kaka akaacha kutafuna. Alitutazama kwa zamu, na nikaona kwamba alielewa mara moja kilichokuwa kikipimwa.

Mama hakunijibu mimi. Aliuinua mwiko, akauzungusha meza nzima, akaulaza kushoto, nyuma ya kikombe. Alisema serikali ilileta lami, na lami ikapita upande ule, upande wa baba. Barabara ya zamani ikawa njia ya mbuzi na lango la ofisini likafungwa. Kisha akaishika pakiti ya chai kwa vidole viwili na kuigeuza polepole, hadi kifuniko chake kikatazama kikombe, na ng'ambo ya kikombe, mwiko.

"Mzee hakusogea," akasema. "Ni mlango uliosogea."

Alikuwa ametafuta fundi baada ya mazishi, sisi tulipokwisha kurudi Texas. Ukuta ule mtupu ukatobolewa mlango wa stebo upande wa lami, wa zamani ukazibwa kwa mawe. Magunia ya viazi yakatolewa. Sakafu ikamwagwa saruji. Hakutuambia kwa sababu tulikuwa tukimuuliza tu habari za afya. Kaka akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye ana mkate mdomoni na hawezi kuumeza, mlango mpya ulikuwa wa nini.

"Ili gari lenu lifike hadi kitandani. Mnasema kila mara matope, matope." Akarudi kwenye sinki. "Vitanda viko. Hakuna aliyevilalia bado."

Kaka akameza mkate. Akanyoosha kidole akasogeza kikombe, kidogo sana, ili mwiko usikiguse.

Kliniki ilipotuita tena, tulikwenda wote watatu. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na katika mkoba wake, ambao haukufungika vizuri, mlikuwa na mkate. Mimi na kaka tulikatazwa kusema kama kawaida, tukaketi ukutani tumeshika magoti kama wanafunzi waliochelewa. Daktari akapiga simu, na kwa bahati ikaitikiwa na sauti ile ile ya upole.

"Ni mama wa deri?" mkalimani akauliza, kabla hajajizuia.

Mama akasema ndiye, akamsalimia, akamuuliza hali ya wake na watoto wake; mkalimani akaeleza kwamba mke ni mmoja. Kisha mama akamwomba amwambie daktari kwamba kabla ya kujibu maswali, ana swali lake moja.

"Mwulize kama nyumbani kwake kuna gereji."

Daktari akasema ipo.

"Gari lake hulala humo?"

Daktari akatikisa kichwa. Alisema kwamba gereji yake, kwa kweli, ina vitabu vya mke wake, na meza ya kuchezea mpira, na mashine ya kufulia iliyoharibika. Gari liko nje.

"Na bado ataniambia ni gereji," mama akasema. "Mwambie na mimi nina ofisi."

Nilisikia simu ikitafsiri, na katikati ya sentensi ile sauti ya upole ikakatika kwa kicheko, ikaomba radhi kwa lugha mbili, ikaanza upya. Daktari akaweka kalamu chini. Mama akatoa mkate.

Sitaeleza yaliyofuata kwa urefu. Chupa ya dawa ya kusafishia mikono ikawa tangi la maji, boksi la glavu likawa deri, na stebo ikageuzwa mbele ya macho ya sayansi. Alipofika kwa baba alieleza, bila kuulizwa, kwamba kwetu mjane akisema mumewe amelala mahali fulani, huyo haamki tena. Na mkalimani alilibeba hilo kwa Kiingereza kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni. Daktari akasema pole. Kisha akarudia vipimo vyake vyote kwa utaratibu, na nilifurahi kwamba alivirudia, kwa kuwa nilitaka jibu la kweli, si la huruma. Mama alisahau neno moja, akasema halikuwa neno la maana.

Jibu lilikuwa kwamba kumbukumbu yake ni nzuri kama ya mtu wa umri wake, na zaidi kidogo. Mradi awe na watu karibu wa kumwangalia, daktari hakuona sababu ya kumzuia kulala deri. Nilimtazama kaka. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumtuliza, lakini hakunipa nafasi. Alikuwa amemgeukia mama akimuuliza vile vitanda vya stebo vina urefu gani, kwa sababu miguu yake hutokeza.

Mama aliondoka kabla ya masika, na kaka ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege kama walivyopatana. Mimi nilibaki na nyumba ambayo alikuwa ameipa majina bila kunishauri. Friji ya gereji ilikuwa deri, ingawa gereji ya Texas ni mahali pa mwisho duniani ambapo mtu angejenga deri. Chumba cha kulia chakula, ambamo hatulii chakula, kilikuwa ofisi. Watoto wangu, ambao humjibu kila mtu kwa Kiingereza, walikuwa wakitumia majina hayo kwa ufasaha.

Juzi asubuhi, nikiwa natafuta funguo niende kazini, mama alipiga simu. Mvua zilikuwa zimeanza, mahindi yako ardhini, ng'ombe mmoja amezaa. Kisha akasema nimfikishie daktari ujumbe.

"Mwambie sasa nalala ofisini."

Funguo zilikuwa mkononi mwangu tayari, sikujua zimefikaje. Kila neno la kaka yangu lilinirudia kwa mpigo mmoja. Nikajitahidi sauti yangu iwe ya kawaida nikauliza:

"Na kuku, mama?"

"Kuku wako deri. Watakaa wapi? Deri ina unyevu, inaniingia magotini. Ofisi inapata jua la asubuhi. Nimetoa zile nondo, nimeweka pazia."

"Kwa hiyo mayai siku hizi unaokota deri."

"Sasa ungetaka niyaokote ofisini, nalalia mayai?"

Aliponiaga nilirudi jikoni. Nikatoa kopo la siagi na kasha la mayai, nikayaweka mezani mahali pake, kisha nikayabadilisha. Nilipiga picha nikamtumia kaka. Alijibu kabla sijatoka mlangoni. Alitaka kujua kama stebo imeguswa, kwa sababu amekata tikiti ya Desemba.